Boksi la kujifunzia zulia la ndoano: uzoefu wangu baada ya kulimaliza

Zulia langu la kwanza la vitanzi liko sakafuni na linakanyagwa kila siku, kwa hiyo sasa naweza kulieleza boksi la wanaoanza nililojifunzia bila kubebwa na furaha ya mwanzo. Ndoano ni nzuri. Sufu ni nzuri sana. Maelekezo yanakufikisha nusu ya njia, na kitambaa cha chini ndicho kilichoniudhi.

Kwa asiyeijua kazi hii: hapa hapafungwi fundo hata moja. Unawamba kitambaa chenye matundu kwenye fremu, mkono mmoja unakaa chini umeshika utepe wa sufu, mwingine juu na ndoano yenye mpini wa mbao. Ndoano inazama tunduni, inaunasa utepe, inauvuta juu uwe kitanzi, halafu unahamia tundu jingine. Kinachoshikilia vitanzi ni kubanana kwao tu. Ndiyo maana ua lisilokupendeza unalivuta likafumuka lote, na sufu ile ile unaitumia tena. Sijui kazi nyingine ya mikono inayosamehe kiasi hicho.

Tepe za boksini zilikuwa namba 8, zimeshakatwa. Namba hizi za upana, mpaka kufikia 8, huhesabu sehemu ya 32 ya inchi: namba 3 ni nyembamba sana, ya kutia vivuli kwenye petali, na namba 8 ni robo inchi kamili. Kwa mkono mgeni robo inchi ni chaguo la busara, maana nafasi inajaa haraka na unauona mchoro ukitokea. Sufu yenyewe ilikuwa imefuliwa kwa maji ya moto ikajikaza, kwa hiyo kingo hazikuchambuka nyuzi hata nilipoivuta kwa nguvu. Hapo nawapa alama zote.

Lakini walipima kwa ubahili. Hesabu ya kawaida ni kwamba sufu inayohitajika ni mara nne hadi tano ya eneo unalolijaza, na ya usuli, yaani eneo linalozunguka mchoro, iliniishia kona moja kabla ya mwisho. Niliyoagiza baadaye, rangi ya jina lile lile, ilikuja imekolea zaidi. Siku hizi usuli naujaza kwa rangi mbili tatu zinazokaribiana tangu mwanzo, nikizichanganya huku na huku, na upungufu hauonekani. Wangeandika sentensi moja tu kuhusu hilo.

Kijitabu, kwa kweli, kinahitaji kuandikwa upya. Kinakuambia ujaze kila tundu. Kwa tepe za robo inchi, hilo linalifanya zulia libinuke kingo na likatae kulala. Vitanzi vinatakiwa viguse tu, matundu mengine uyaruke. Kimo cha kitanzi kilingane na upana wa utepe, hilo wamelisema vizuri. Hawakusema kwamba utepe usivuke juu ya mwenzake upande wa chini, wala kwamba ncha zote, ya kuanzia na ya kumalizia, huvutwa juu zikakatwa usawa wa vitanzi. Ukigeuza zulia, mgongo wake unatakiwa uwe laini, kwa sababu kila uvimbe wa nyuma ndipo mahali patakapochakaa kwanza.

Sasa kitambaa. Wametia juti, yaani gunia. Najua inakotoka: katikati ya karne ya 19 magunia ya juti yalipofika majumbani New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na mashariki mwa Kanada, matundu yake mapana yaliipokea ndoano vizuri na kazi hii ikashamiri. Mchuuzi wa vyombo vya bati huko Maine, Edward Sands Frost, alianza kukata vielelezo vya mabati vya kuchapia michoro miaka ya 1860 na kuuza magunia yaliyokwisha chapwa mchoro. Labrador nako, huko huko mashariki mwa Kanada, chini ya misheni ya daktari Wilfred Grenfell, wanawake walitia soksi za hariri zilizotatuka badala ya sufu. Historia tamu. Hata hivyo juti hukauka na kuvunjika kadiri miaka inavyopita, na mazulia mengi ya zamani yameharibika mgongoni huku sufu yake ingali nzima. Kitani ni ghali zaidi, ila kinadumu na hakikwaruzi vifundo vya mikono. Mtu akishatia kazi yote hii, kumpa juti ni kumpunja.

Pindo pia walilisahau: hakuna kamba, hakuna utepe wa kushonea nyuma, hakuna uzi mnene wa kuzungushia kingo. Nilijinunulia, na kuzungushia kingo pekee kulichosha vidole kuliko katikati yote.

Wangeuza sufu ile na ndoano ile peke yake, ningeagiza tena leo. Kitambaa ningejitafutia.