TAHADHARI: Koili za "Denso" pale Gerezani, Dar es Salaam, muuzaji anakuonyesha orijino anakufungia feki

Wakuu, mwenye gari la injini ya 1NZ (Raum, Spacio, Probox, IST ya cc 1500) na linatetemeka likiwa sailensi (injini inanguruma gari limesimama), soma hapa kabla hujatoa hela ya koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa kutoa cheche. Kuna duka Gerezani, jamaa mpole, maneno kama asali, anauza takataka ndani ya boksi la Denso, kampuni ya Japani. Jina silitaji, malalamiko yanaandikwa na hatutaki apate pa kutokea. Mnaopita ule mtaa kila siku mnamjua.

Aliyepigwa safari hii ni dada mmoja mwenye Raum ya rangi ya fedha.

Gari lilipimwa vizuri kwetu gereji kabla hajatumwa dukani. Kompyuta ilisoma P0303, yaani silinda ya tatu inamisi, haichomi petroli sawasawa. Koili ya tatu ikahamishiwa silinda ya kwanza, ile ya upande wa cheni, kodi (namba ya hitilafu kwenye kompyuta) ikafutwa, injini ikaachwa ingurume hadi ipate moto. Ikarudi P0301. Ugonjwa umehama na koili, kwa hiyo si injekta, si plagi, si waya. Akapewa karatasi: koili moja, namba 90919-02240, na plagi nne za gepu 1.1. Koili MOJA.

Sasa sikilizeni mchezo wa kaunta. Jamaa kaisoma karatasi kwa sauti, kaigeuza chini. "Dada yangu, koili hazibadilishwi moja moja. Ukiweka mpya moja, zile tatu kuukuu zitaiua." Uongo mtupu. Kwenye injini hii kila koili inahudumia plagi yake peke yake, haijui ya jirani inafanya nini. Kisha kafungua droo, katoa koili moja iliyo nje ya boksi, kamwekea kiganjani. "Sikia uzito huo. Feki ni nyepesi kama biskuti." Na kweli ilikuwa nzito, maandishi yamekaa sawa, raba laini. Hajaridhika, kachukua mita, kagusisha vipini kwenye pini za koili, namba zikatokea kwenye kioo. "Unaona? Inasoma." Inasoma nini? Koili hizi zina pini nne: umeme wa betri, etha, amri ya kompyuta na jibu la kurudi kwenye kompyuta. Mle ndani kuna saketi ya kielektroniki inayokata na kuunga umeme, kwa hiyo ukipima ohmu kwenye zile pini unapata namba isiyokuambia kitu kuhusu nyaya za ndani. Koili iliyokufa nayo inaweza "kusoma".

Halafu katoa maboksi matatu yenye stika. "Haya usifungue hapa, stika ikichanika garantii imekufa." 85,000 kila moja, jumla 340,000. Mashine ya EFD, ile ya risiti za TRA, eti haina mtandao, kaandika risiti ya mkono. Na ili kumaliza kazi, kamwita kijana wake aje kufunga bure palepale barabarani. Koili za zamani? "Nitakutupia mimi, usichafue gari."

Msimcheke. Bei haikuwa ya kutupa, na feki tumezoea kuzijua kwa bei. Chujio la oili alilonunua pale mwaka jana lilikuwa safi. Namba ya spea jamaa aliitaja mwenyewe kabla ya kumaliza kusoma karatasi. Na kitu alichoshika mkononi kilikuwa Denso kweli! Ungekuwa wewe ungelipa, tena ungemshukuru.

Asubuhi gari likiwa baridi lilikuwa linanguruma kama jipya. Lilipopata moto kwenye foleni, mtetemeko ukarudi kuliko mwanzo, taa ya injini ikawa inapepesa. Kodi safari hii: P0302, P0304 na P0352. Hiyo ya mwisho ina maana kompyuta imetoa amri na koili haikurudisha jibu. Ndivyo koili za namna hii zinavyokufa: nyaya za ndani nyembamba na gundi yake duni, zikipata joto la kichwa cha injini zinavuja umeme kwa ndani, cheche inakuwa dhaifu au inakosekana. Zikipoa zinafanya kazi tena, na muuzaji anakuambia gari lako ndilo bovu.

Zilipotolewa ndipo aibu ikatukuta sote gereji. Tatu za maboksini: tundu la boliti halina ile bushi (pete) ya chuma, ni plastiki tupu na imeshapasuka kwa kukazwa kwa spana namba 10. Springi ya kugusa plagi ni nyembamba kama ya kalamu. Ile ya nne, ya droo, ni Denso halisi, ila ni KUUKUU. Imepulizwa rangi nyeusi, na chini ya rangi kuna alama ya duara pale boliti ya zamani ilipokalia, na pini zina mikwaruzo ya soketi. Mmeelewa sasa kwa nini anang'ang'ania "kukutupia" za zamani? Dada aliingia na koili tatu nzima za Japani. Hizo ndizo zinaoshwa, zinapakwa rangi, zinaingia kwenye droo kumsubiri mwingine. Mwizi anakuibia, kisha anatumia mali yako kumwibia mwenzio!

Kabla mtu hajasema "si koili tu": gari likimisi, petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega, kile kichujio cha moshi kwenye bomba la ekzosi. Taa ikipepesa huku ukiendelea kukanyaga, masega yanayeyuka na kuziba. Huo mzigo jamaa hataulipa.

Dalili kwa ufupi, maana hasira hazinipi nafasi. Fungua kila boksi hapohapo, akikataa ondoka. Angalia bushi ya chuma. Angalia pini kama zina mikwaruzo. Kukiwa na oili kwenye shimo la plagi, badilisha kwanza gasketi ya kava ya tapeti (mfuniko wa juu wa injini), la sivyo hata orijino raba yake itaoza. Loki ya soketi ya waya wa koili ikivunjika gari linamisi vilevile hata koili ikiwa nzima, msinunue kitu kwa hilo. Plagi mpya ifungwe injini ikiwa baridi, kwa mkono hadi iguse, kisha nusu mzunguko, basi. Na koili zako za zamani ondoka nazo.

Huyu mtu afungiwe. Si kurudisha hela tu, afungiwe. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi ya bidhaa bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na TRA nao wana la kumuuliza kuhusu EFD yake isiyo na mtandao kila mteja akija. Mali ichomwe mbele yake, droo ile ikaguliwe koili moja moja.

Koili zote nne na maboksi vimehifadhiwa gereji. Aliyenunua pale asitupe boksi wala kile kikaratasi cha mkono, wala ujumbe wa muamala kwenye simu. Vileteni, tunapeleka malalamiko kwa pamoja.