Vijana wa kanisa waliotusafishia nyumba baada ya moto wa konde: uzoefu wangu

Kama nyumba yako imeungua na sheha akakwambia kuna vijana wa kujitolea wa kanisa kutoka mjini wanataka kuja kusafisha, wakubalie. Nalitanguliza hili kwa sababu hapa kijijini wapo waliosita, hata mume wangu, wakihofia kwamba msaada utafuatiwa na mahubiri. Haukufuatiwa. Kwa kazi yao nawapa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoipunguza nitaieleza.

Sisi tuko kusini Unguja, upande wa maweni, si mbali na msitu wa Jozani. Huku watu hufyeka na kuchoma makonde kabla ya masika, wakati kaskazi bado inavuma na majani yamekauka. Safari hii moto ulivuka konde, ukapita kichakani, ukashika makuti ya majiko ya uani na kutoka hapo ukapanda kwenye mapaa. Moto wa maweni ni mgumu: juu unauona umezimika, kumbe chini ya mawe mizizi inafuka, upepo ukirudi unaibukia pengine. Kwetu paa lote liliporomoka. Kuta zilibaki wima, na katikati yake boriti, mabati yaliyojikunja na majivu.

Ilikuwa Ramadhani. Walipofika, hawakukimbilia machepe. Kiongozi wao alitutembeza chumba hadi chumba, akauliza: "Bi mkubwa, hapa palikuwa na nini? Kabati lilikaa wapi? Mnataka tutafute kitu gani kwanza?" Akaandika kwenye daftari. Nilikuwa nimeshaanza kuiona nyumba yangu kuwa ni jaa tu, na maswali yale yalinirudisha kuwa mwenye nyumba. Hapo ndipo ninapowasifu zaidi, kuliko hata jasho lao.

Walikuja na buti, glavu, barakoa na miwani, na sisi tukapewa. Majivu waliyanyunyizia maji kidogo kidogo ili vumbi lisiruke, lakini walikataza kabisa kumwagia kuta maji. Jiwe la matumbawe likipata moto mkali juu yake hugeuka chokaa isiyozimwa, na hiyo ikikutana na maji huchemka na kuunguza ngozi. Wachoma matanuu wa chokaa wanalijua hili tangu zamani, lakini mtu aliyeunguliwa na nyumba hana nafasi ya kulikumbuka.

Baada ya hapo wakachekecha. Walikuwa na machekeche ya wavu wa chuma kwenye fremu za mbao, na majivu ya kila chumba yalipitishwa humo kwa zamu. Kazi hii si ngeni kwa makanisa. Mji wa Paradise, California, ulipoungua Novemba 2018, watu wa kujitolea wa shirika la Kikristo la Samaritan's Purse walichekecha majivu vivyo hivyo, wakiwatafutia wenyewe pete na kumbukumbu zao. Hapa kwetu zilipatikana bangili za mama mkwe wangu, moja imepinda, na pete yangu. Anayejua kwamba dhahabu ndiyo akiba ya mwanamke wa hapa ataelewa kwa nini nililia. Kila kitu kilipoonekana waliita mwenyewe aje akiokote kwa mkono wake, mbele ya watu. Vyumba vya kulala waliwaachia kina dada waliokuwa nao, bila kuambiwa.

Pale ukumbini palikuwa na rafu ya vitabu vya madrasa. Kijana mmoja alipoona kurasa zenye maandishi ya Kiarabu zimeungua kingo, alisimamisha kazi, akawaambia wenzake wasikanyage upande ule, akamwita mume wangu. Walisubiri mpaka mwalimu wa madrasa alipofika, akazikusanya kwenye kitambaa cheupe na kwenda kuzizika. Hakuna aliyewaharakisha. Tangu siku ile mume wangu hakuuliza tena wamekuja kwa nia gani.

Dua zao walizisoma asubuhi kando ya gari lao, kwa sauti ya chini. Mara moja tu waliuliza kama wanaweza kutuombea. Mume wangu akajibu kila mtu aombe kwa njia yake, na mazungumzo yakaishia hapo. Adhuhuri walizima kila kitu mpaka tumalize kusali. Kula walikula ndani ya gari, mbali na watoto waliofunga. Magharibi majirani walileta uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi na samaki, na vijana wakakaa mkekani nasi. Baadhi ya vijana hao ni watu wa Mbweni, ambako Waanglikana waliweka makazi ya watumwa waliokombolewa katika karne ya 19, kwa hiyo ni Wazanzibari kama sisi.

Sasa nyota niliyoipunguza. Taka walizipanga vizuri, mabati peke yake, betri ya sola na mtungi wa gesi mbali na mbao, lakini gari la kuzihamisha hawakuwa nalo. Lundo lenye misumari lilikaa njiani watoto wakipita, mpaka tukakodi gari la ng'ombe wenyewe. Pia kijana mmoja aliwapiga picha binti zangu bila ruhusa. Nilipomwambia kiongozi, picha zilifutwa mbele yangu na akaomba radhi, lakini jambo hilo lingesemwa kabla hawajashuka garini. Na nyumba za ndani, kusikopita gari, zilifikiwa mwisho, ilhali huko ndiko wanakokaa wazee wasio na watoto wa kuwasaidia.

Jueni pia kwamba hawajengi, hawaezeki wala hawatoi pesa. Ukiwahitaji pitia kwa sheha, piga picha nyumba kabla haijaguswa, na andika mapema vitu vya thamani vilikaa chumba gani. Zile kuta zilizosimama mwite fundi azigonge kabla hujaweka boriti mpya; kwetu ukuta wa jikoni ulikuwa umeliwa na moto kwa ndani, ikabidi tuubomoe.