Saraka mbili, mwenye kauli mmoja: uzoefu wangu wa Entra Connect Sync

Nasimamia akaunti za wafanyakazi wa shirika lenye makao Kampala na matawi Gulu, Mbarara na Arua. Saraka zetu, yaani orodha za akaunti za watu, ni mbili, zote za Microsoft. Active Directory iko kwenye seva za ofisini. Entra ID, ile iliyoitwa Azure AD hadi 2023, iko winguni, yaani kwenye seva za Microsoft zinazofikiwa kwa intaneti, na ndiyo inayobeba barua pepe na Teams. Kinachoziunganisha ni Entra Connect Sync, inayonakili akaunti za ofisini kwenda winguni. Naiona kuwa programu nzuri, mradi msimamizi akubali tangu siku ya kwanza kwamba saraka ya ofisini ndiyo yenye kauli. Ukitaka kumbadilishia mtu jina au cheo winguni, utakataliwa. Badilisha kwenye Active Directory, kisha usubiri.

Kusubiri kwenyewe si kurefu: mzunguko wa kawaida ni dakika 30, na nywila hupita njia yake kila dakika 2. Mwenye haraka afungue PowerShell, dirisha la kuandikia amri, kwenye seva ya Connect aandike Start-ADSyncSyncCycle -PolicyType Delta. Delta hupeleka yaliyobadilika tu. Neno Initial liache kwa siku uliyobadilisha vichujio, yaani kanuni za nani asawazishwe, kwa sababu hapo kila kitu hupitiwa upya.

Kabla ya kusakinisha, kagua majina ya kuingilia. Saraka nyingi za zamani zina kikoa (sehemu ya jina inayofuata @) kinachoishia na .local, ambacho wingu halikitambui, kwa hiyo kila mtu atatokea huko na anwani ya onmicrosoft.com. Fungua Active Directory Domains and Trusts, ongeza kikoa chako halisi ulichokwisha kukithibitisha winguni, kisha wabadilishie watumiaji majina ya kuingilia yatumie kikoa hicho. Anza na OU moja (folda ya akaunti ndani ya Active Directory) ya watu watano tu.

Huku kwetu majina yanataka uangalifu wa pekee. Kila pacha wa Kiganda ni Wasswa au Kato, Babirye au Nakato. Kaskazini, anayezaliwa baada ya mapacha ni Okello au Akello. Tena fomu moja hutanguliza jina la ukoo, nyingine jina la dini. Watu wawili wakigongana jina la kuingilia, wa pili hupewa jina la muda lenye tarakimu 4 na onmicrosoft.com. Yeye atapiga simu akisema nywila imekataa, nawe utambadilishia nywila mara tatu bila faida. Kwa hiyo angalia jina kwanza. Kinga ni kuamua mpangilio mmoja wa majina pamoja na idara ya utumishi, na kuandika namba ya mfanyakazi kwenye nafasi ya employeeID ya kila akaunti. Jambo dogo: leseni ya huduma za Microsoft haitolewi mpaka nchi ya mtumiaji ijazwe, nayo ni UG.

Linalonikosesha usingizi ni wanaoondoka. Miradi yetu huajiri watu kwa mikataba ya miezi 6, na msimamizi makini huweka tarehe ya mwisho kwenye akaunti. Siku ikifika, kompyuta ya ofisini humkataa mtu huyo, lakini barua pepe kwenye simu yake huendelea kama kawaida. Sababu ni kwamba accountExpires, yaani ile tarehe ya mwisho, haisafirishwi kwenda winguni. Kinachosafirishwa ni hali ya akaunti kufungwa. Kwa hiyo panga Task Scheduler, kipanga kazi cha Windows, iendeshe kila usiku amri hii:

Search-ADAccount -AccountExpired -UsersOnly | Disable-ADAccount

Kwa aliyeachishwa kazi leo leo, funga akaunti ofisini, endesha Delta, kisha ingia Entra ubatilishe vikao vyake vyote. Usipovibatilisha, simu iliyokwisha kuingia inaweza kuendelea kusoma barua kwa muda. Kwa shirika linalotunza taarifa za wagonjwa au wakopaji, hilo linagusa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, kwa hiyo usilione kuwa la kiufundi tu.

Mtego mwingine ni OU ya walioondoka. Ukimhamishia mtu kwenye OU isiyosawazishwa, wingu huelewa kuwa amefutwa. Anabaki siku 30 mahali pa kurejeshwa, kisha anapotea pamoja na barua zake. Connect ina kizuizi cha ufutaji wa ghafla, lakini kiwango chake cha kuanzia ni vitu 500. Shirika la watu 180 linaweza kufutwa lote bila kizuizi hicho kushtuka! Kishushe kwa Enable-ADSyncExportDeletionThreshold -DeletionThreshold 15.

Kuhusu njia ya kuthibitisha nywila, nachagua kusawazisha hashi, yaani alama iliyofumbwa ya nywila. Njia ya pili hupeleka kila ombi la kuingia hadi seva ya ofisini, na umeme au intaneti ya Kampala ikikatika, mtu wa Arua hawezi kuingia ingawa kwake mtandao upo. Kwa hashi, ataendelea na kazi. Ukitaka watu wa matawini wabadilishe nywila wenyewe na ibadilike ofisini pia, utahitaji leseni ya Entra ID P1. Kwa matawi ya mbali, naona inastahili gharama yake.

Mwisho, washa mapema Recycle Bin ya Active Directory, yaani kapu la akaunti zilizofutwa. Ukishaiwasha haizimwi tena, nayo haileti shida. Mtu aliyefutwa kimakosa akirejeshwa kutoka humo ndani ya zile siku 30, hurudi na kitambulisho chake kilekile, na mzunguko unaofuata humfufulia akaunti ya winguni pamoja na barua zake. Ukimtengeneza upya kwa jina lilelile, kwa Entra huyo ni mtu mwingine, na sanduku lake la barua litakuwa tupu.