TAHADHARI: Nyumba ya Zoetermeer, ufunguo anao lakini nyumba si yake

Ndugu zangu mnaoishi Uholanzi, hasa mnaotafuta nyumba ya kununua upande wa Den Haag, Zoetermeer, Rotterdam na Almere, naomba mnisome hadi mwisho. Kuna mtu anawatembeza watu wetu kwenye nyumba ya familia. Anazungumza Kiswahili safi, ana ufunguo wa mlango, anakuingiza ndani mpaka darini. Nyumba si yake, wala mwenye nyumba hamjui kama muuzaji. Mimi na mume wangu tulimpa euro 12,000, na hadi leo hatujapata hata senti.

Katika fedha hizo, 9,000 ni akiba yetu ya miaka sita. Zile 3,000 ni zamu yangu ya upatu. Nilikuwa wa nne kupokea, kwa hiyo bado kuna wenzangu sita ambao lazima niwachangie kila mwezi mpaka zamu ziishe. Nitawalipa wote.

Jina alilotupa halikuwa lake, ndiyo maana silitaji hapa. Kesho atakuja na jingine. Mtambueni kwa mwenendo wake.

Tulikutana naye kwenye arobaini ya mtoto wa rafiki yetu. Watu wanakula pilau, wanazungumza, na mazungumzo ya huku siku hizi hayaishi bila kufika kwenye nyumba. Sisi tuko watano kwenye fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya nne, hakuna lifti. Tulikuwa tumeshapeleka ofa kwenye nyumba nne na kushindwa zote, kwa sababu huku bei iliyoandikwa ni mwanzo tu, wanunuzi wanapandishiana juu yake. Yule bwana alisikiliza vizuri, hakusema mengi. Siku mbili baadaye akatupigia simu.

Akatueleza kwamba kuna nyumba Zoetermeer ambayo bado haijawekwa Funda, ile tovuti ya matangazo ya nyumba. Mwenyewe ni bibi mjane aliyehamishiwa nyumba ya wazee, na watoto wake hawataki msururu wa watu kupita sebuleni kwa mama yao. Wanataka kuuza kimyakimya kwa familia moja tulivu, euro 310,000, bila kushindana. Nyumba za namna ile mtaa ule huuzwa karibu 400,000.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Nimewaona watoto wa wagonjwa wangu wakihangaika na nyumba ya mama, hawajui waanzie chumba gani. Hadithi ile niliiamini kwa sababu naiishi kila wiki, na yeye alijua ninafanya kazi gani. Nilimwambia mwenyewe pale kwenye pilau.

Jumamosi tukapanda treni ya RandstadRail kwenda kuiona. Mtaa umetulia, wa nyumba za safu zilizojengwa ukuta kwa ukuta, matofali mekundu, dirisha kubwa la mbele, baiskeli za watoto zimeegemezwa kwenye ua wa majani. Yeye alikuwa ameshafika, akatufungulia. Ukumbi mwembamba, kabati la mita pembeni ya mlango, choo chini ya ngazi, sebule inayopitisha mwanga kutoka mbele hadi bustani ya nyuma. Juu vyumba vitatu. Darini kuna mtambo wa maji moto na nafasi ya mashine ya kufulia, na mwanangu mkubwa akasema hapa ndipo atakapolala. Nyuma kuna kibanda cha baiskeli na kijia cha kutokea mtaa wa pili.

Kwenye fremu ya mlango wa jikoni kulikuwa na alama za penseli, zile za kupima urefu wa watoto, na tarehe zake. Binti yangu akasimama hapo kujipima. Nilimpiga picha. Picha hiyo ninayo mpaka leo, na tarehe ya juu kabisa ni ya mwaka jana. Bibi mjane anayeishi peke yake amempima mtoto gani mwaka jana? Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa namtazama binti yangu anavyocheka.

Mimi nimekulia Dar es Salaam. Nimepita maisha yangu yote mbele ya kuta zilizoandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Kule kwetu nisingemlipa mtu kwa sababu tu ana ufunguo. Ningekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ningeuliza majirani pande zote mbili, ningetaka mashahidi na kuona hati. Huku sikumsalimu hata jirani. Moyoni nilishaamua kwamba Ulaya kila kitu kina utaratibu, na mtu hawezi kusimama sebuleni kwa watu ana ufunguo mkononi kama mambo hayako sawa. Utaratibu kweli upo, lakini unamlinda anayeupitia. Sisi tulipitishwa pembeni yake.

Jumanne akatuletea karatasi ya makubaliano ya awali yenye nembo ya ofisi ya notarisi, yule ofisa wa sheria anayehamisha umiliki wa nyumba. Ofisi hiyo ni ya kweli, nimeiona kwa macho yangu baadaye. Barua pepe ndiyo haikuwa yao, jina la ofisi lilikuwa lilelile ila limeongezwa kistari na neno moja. Tukaambiwa tutoe euro 12,000 ya kushikilia nyumba, na zitahesabiwa kwenye dhamana ya asilimia 10 ya bei ya nyumba. Nilipositasita akasema, "Dada, sheria ya huku inakupa siku 3 za kubadili mawazo. Ukibadilika, pesa inarudi yote." Nikaenda kuangalia mtandaoni, na kweli siku 3 zipo. Hapo ndipo nilipolegea.

Ijumaa jioni nikakaa kulipa. Namba ya akaunti ilianza na LT, yaani Lithuania, si NL ya Uholanzi. Benki ikaniletea onyo kwamba jina nililoandika halilingani na mwenye akaunti. Nikampigia. Akajibu bila kubabaika, eti hiyo ni akaunti maalumu ya dhamana, jina la ofisi huwa halitokei, niendelee tu kwa sababu kuna familia nyingine inakwenda kuona Jumamosi asubuhi. Nikaendelea. Malipo ya huku hufika kwa sekunde.

Miadi yetu kwa notarisi ilikuwa Jumatano saa nne asubuhi. Mume wangu alichukua ruhusa kazini, tukavaa vizuri. Binti wa mapokezi akatafuta jina letu, akatafuta anwani ya nyumba, akamwita mwenzake. Hakuna faili. Wakaitazama ile karatasi, yule mwenzake akatuuliza kwa upole tumelipa kiasi gani. Simu ya yule bwana ilikuwa imezimwa tangu usiku wa kuamkia siku hiyo.

Tukaenda Zoetermeer moja kwa moja, tukagonga kwa jirani wa kulia. Mama wa makamo, akatukaribisha ndani. Mwenye nyumba ni mke na mume wenye watoto wawili, wako kazini nje ya nchi mpaka kiangazi, na wamempangisha mtu kwa miezi mitatu. Mpangaji huyo ndiye "dalali" wetu. Mama yule alisema aliona familia mbalimbali zikiingia kila Jumamosi, akadhani ni wageni wake. Sisi tulikuwa mojawapo. Kama ningemsalimu siku ile ya kwanza!

Benki walijaribu kuzirudisha, wakakuta zimeshahamishwa. Kufidia hawakukubali, kwa sababu nililipa kwa mkono wangu baada ya kuonywa. Polisi tumetoa taarifa rasmi, ile wanayoiita aangifte, na namba ya kesi tunayo. Na hatukupoteza pesa tu. Tulikuwa tumempa nakala za pasipoti na hati za mshahara, "kwa ajili ya mkopo." Mwezi uliofuata ikaja barua ya mkataba wa simu ambao sikuuomba.

Sasa nieleze jinsi nyumba inavyouzwa kihalali nchi hii, maana ningelijua hili mapema nisingeandika haya. Mimi nimelijifunza kwa kukaa mbele ya notarisi na kuuliza mpaka nikaelewa.

Huku nyumba haihami kwa karatasi mliyoandikishana, wala kwa ufunguo, wala kwa pesa. Inahama siku notarisi anapoandika hati ya kukabidhi na hati hiyo ikasajiliwa Kadaster, yaani msajili wa ardhi na nyumba wa taifa. Kabla ya hapo bado ni ya aliyeandikwa mle. Na rejista hiyo iko wazi kwa kila mtu. Unaingia kwenye tovuti yao, unaweka anwani, unalipa euro chache, unasomewa jina la mwenye nyumba muda huohuo. Mimi nililipa ada hiyo wiki moja baada ya kulipa 12,000. Nikayaona majina ya wale mke na mume. Hakuna mjane.

Notarisi si kama wakili wa kugonga muhuri. Anateuliwa kwa amri ya mfalme, na fedha za wateja anaziweka kwenye akaunti iliyotengwa kisheria ambayo hata ofisi ikifilisika haiguswi. Dhamana ya asilimia 10, au barua ya benki badala yake, inakwenda huko. Haipiti kwa dalali, haipiti kwa muuzaji, na kwa kawaida hudaiwa wiki kadhaa baada ya mkataba kusainiwa, si kabla. Ukiona kwenye tangazo herufi k.k., maana yake gharama za uhamisho ni za mnunuzi, na kwa kawaida mnunuzi huyo ndiye anayemchagua notarisi. Basi mchague wewe. Tafuta ofisi yao kwenye orodha ya chama cha manotarisi, piga namba uliyoipata huko, usipige iliyo kwenye barua uliyoletewa. Tulipaswa kufanya hivyo tu, simu moja ya dakika tano.

Zile siku 3 nazo ni za kweli, ila alizigeuza. Zinaanza siku inayofuata baada ya mnunuzi kukabidhiwa nakala ya mkataba uliosainiwa na pande zote mbili, na mkataba wa nyumba lazima uwe wa maandishi. Hazihusiani na pesa ya kushikilia. Kitu kinachoitwa pesa ya kushikilia nyumba, anayokudai mtu mkononi kabla ya mkataba, kikimbie.

Na neno dalali lisikutishe. Tangu 2001 cheo hicho hakilindwi tena kisheria hapa, mtu yeyote anaweza kujiita. Wako waaminifu wengi walio kwenye vyama vyao, na kuuza nyumba bila kuitangaza kweli kupo. Lakini dalali wa kweli hakasiriki ukimwambia, "Ngoja niangalie Kadaster kwanza."

Nakala ya pasipoti usitoe ovyo. Serikali ina programu ya simu inaitwa KopieID, inafuta BSN, namba yako ya utambulisho ya huku, kwenye picha na kuandika nakala hiyo ni ya nini na kwa nani. DigiD, yaani akaunti yako ya kuingilia huduma za serikali mtandaoni, usimpe mtu, hata ndugu.

Kuna jambo limenifanya niandike leo badala ya kunyamaza. Nilinyamaza wiki tano kwa aibu. Nilipomsimulia dada mmoja tunayesali naye, akaanza kulia. Na yeye alipelekwa nyumba ileile, Jumamosi asubuhi, siku moja baada ya sisi kulipa, akalipa 8,000. Ndiyo ile "familia nyingine" niliyotishiwa nayo. Ningesema mapema labda nisingemwokoa yeye, lakini wiki hii nimetumiwa picha za nyumba nyingine ya safu, safari hii Almere, ya kona, euro 325,000, "mwenyewe mzee, haijatangazwa, familia tulivu tu." Maneno ni yaleyale. Anaonyesha Jumamosi.

Kama umealikwa, usilipe chochote, wala usimjulishe kwamba umeshtuka. Hifadhi ujumbe wake wote na uwapigie polisi 0900-8844, ueleze kwamba kuna taarifa iliyokwisha kufunguliwa Zoetermeer. Kama umeshalipa, acha kusoma, piga simu benki yako sasa hivi, kila saa ina maana, kisha nenda polisi. Na kama Kiholanzi kinakupa shida au unaona aibu kwenda peke yako, niandikie faragha. Alhamisi siendi kazini, nitakusindikiza.