Tahadhari: injini ya kupachika HP 40 "ya Dubai" inayowaka ndani ya pipa la bluu

Wakuu, poleni na majukumu. Kama kuna mtu wenu anatafuta injini ya boti ya bei nafuu, na ametumiwa video ya Yamaha Enduro 40 inaunguruma ndani ya pipa la bluu lenye namba 7 ya rangi nyeupe ubavuni, mwambieni asitume hela. Mimi nilituma. Shilingi 2,900,000, na nusu yake ilikuwa ya kukopa.

Niko Mafia, Kilindoni. Nina boti moja ya faiba. Kuanzia Oktoba hadi Februari napeleka wageni kutazama papa potwe, miezi mingine tunavua. Msimu ndiyo kwanza umechanganya, injini yangu ikanoki. Kosa lilikuwa langu, simsingizii mtu: mfuko wa plastiki uliziba matundu ya kuvutia maji, yale maji ya kupozea yanayochuruzika kwa nyuma yakakata, na mimi nimegeuka namwonyesha mgeni pezi. Nilipokuja kusikia harufu ya rangi inaungua, imeshakamata. Napiga kamba, kamba haiji.

Pale diko, tunapoegesha boti, kila mtu akawa fundi. Wengi wakasema mashine ikishanoki haina maisha, uza chuma chakavu utafute nyingine. Fundi wangu peke yake aliomba afungue silinda hedi tuone kwanza, nami nikaona ananichelewesha. Nilikuwa na oda za wageni za wiki mbili, na boti ikilala wageni wanakwenda kwa jirani. Muuzaji yule anaijua sana hali hiyo. Nilipompigia hakuuliza nataka HP ngapi. Aliuliza, "Kaka, boti imesimama toka lini?" Nami nikamjibu ukweli wote, hadi tarehe.

Nikavuka kwenda Nyamisati, nikaunga basi hadi kwake, uani kwenye nyumba moja upande wa Mbagala. Msidhani nilikwenda kichwa kichwa. Nilibeba kipimo cha kompresheni cha kuazima, kile kinachoonyesha silinda inabana hewa kiasi gani. Injini inang'aa, stika mpya, imeshafungwa kwenye pipa la maji. Nikaweka kiganja kwenye bloku kabla haijawashwa, nikakuta ina uvuguvugu kama kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani. Nikauliza. Akasema ni jua hilo, kaka. Tulikuwa chini ya mwembe.

Kijana wake akapiga kamba mara moja tu, ikawaka. Nikapima: silinda ya juu psi 120, ya chini 115. Kwa mashine ya mtumba hapo huna la kusema. Nikaomba tukaijaribu baharini, akasema hana boti ya kuipachika, halafu kuna mtu wa Tanga anakuja kuichukua saa 10. Basi huyo mtu wa Tanga ndiye aliyenimaliza. Nikatuma hela kwa simu, jina lililotokea ni la mwanamke nisiyemjua, na risiti nikaandikiwa kwenye karatasi ya daftari.

Namshukuru Mungu sikuanza na wageni. Nilitoka na mdogo wangu asubuhi, bahari shwari. Robo saa ya kwanza inakwenda vizuri, hata tukaanza kusifiana. Nilipofungulia mafuta mwisho ikaanza kutoa moshi mweupe, nguvu ikashuka, ikabaki inakohoa na silinda moja. Tulirudi kwa kasia na kwa huruma ya ngalawa iliyotupa kamba.

Safari hii fundi hakuomba ruhusa. Alifungua. Silinda ya chini ilikuwa na ufa kwenye ukuta wa njia ya maji, umezibwa kwa ile gundi ya chuma ya mirija miwili, na gundi yenyewe imeshaanza kumeguka. Ringi moja imevunjika. Ndani kuna mabaki ya oili nzito ya gia, nyeusi, inavutika kama asali. Hapo ndipo 115 yangu ilipotoka: ukimimina oili nzito juu ya pistoni, inaziba mwanya kati ya ringi na silinda, kipimo kinapanda kwa muda mfupi, mteja anafurahi. Akakwangua rangi kwa bisibisi, chini yake unga mweupe wa chumvi. Boliti zote zimepakwa rangi hadi ndani ya vichwa. Tulipolegeza skrubu ya chini ya gia, ikatoka oili ya rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yalikuwa yanaingia siku nyingi.

Nikampigia. Akapokea kwa adabu zote: "Mzee wangu, mashine imetoka hapa inawaka, na video unayo." Kumbe ile video ni kinga yake yeye. Kesho yake simu haiingii tena.

Sasa nyie ambao hamjatuma, na mfuko ni mdogo kama wangu. Sisemi msinunue mtumba, maana mpya wengi wetu hatuiwezi. Ila mwambie muuzaji utakuja, kisha fika mapema kuliko saa mliyopatana, na ukikuta chuma kina joto, kaa subiri kipoe hata kama ni saa mbili. Injini iliyochoka hujulikana ikiwa baridi. Toa plagi mwenyewe, uziangalie. Zikiwa zimelowa oili nzito, uliza kwa nini. Pima kompresheni, iache iwake mpaka ipate moto na imalize ulichomiminiwa, kisha pima tena. Silinda mbili zisipishane zaidi ya sehemu moja ya kumi. Nenda na bisibisi pana ulegeze ile skrubu ya chini ya gia, tone moja tu linatosha kukupa habari. Pipa silitaki kulisikia tena: ndani ya pipa injini haibebi mzigo wowote, hata kilema akikaa kitini huwezi kujua kama anachechemea. Ipachikwe kwenye boti, iende nusu saa na mafuta mwisho, hela uilipe ufukweni. Kukodi boti ya mtu kwa jaribio kutakugharimu kidogo kuliko nauli niliyoipoteza mimi.

Na kabla ya yote hayo, fungua ile uliyonayo. Yangu ilipofunguliwa hatimaye, silinda zilikuwa zimekwaruzika tu, hazijapasuka. Bloku ikapelekwa karakana ya kukereza Temeke, zikachongwa na kuvishwa pistoni za saizi ya juu, milimita 0.50, ringi mpya, gasketi, bearingi, na impela ya pampu ya maji. Pamoja na usafiri na ufundi nililipa 960,000. Siku 11. Gia, kabureta na umeme vyote ni vile vile vya zamani. Saa 10 za mwanzo nilichanganya lita 1 ya oili kwa lita 25 za petroli ili ringi zikae, sasa nimerudi kwenye 50. Fundi hajanisema hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kuna jambo moja limebaki, na ndilo limenifanya niandike leo. Kibati cha namba kwenye mkono wa kushikia boti kilikuwa na ripiti mbili zisizofanana, moja mpya. Kwenye Yamaha nyingi namba hiyo hiyo hurudiwa kwenye kizibo kidogo cha chuma kwenye bloku. Tukasafisha, tukasoma. Haifanani na ya kibati. Nilikwenda polisi mwenyewe kabla sijafuatwa, kwa sababu mali ya wizi ikikutwa kwako, unayeulizwa ni wewe. Nimeandika maelezo na injini nimeiacha kituoni.

Kwa hiyo kama uliibiwa Enduro 40, iwe Rufiji, Kilwa, Bagamoyo au kokote, na bado una karatasi zake, nitajie tarakimu 4 za mwisho za namba yake. Zikiwa ndizo, nitakwambia kituo gani. Mimi sidai kitu, bloku yenyewe imepasuka, ila kabureta bado inafaa.