AGA usoni: barakoa ya wapiga mbizi wa uokoaji na jinsi inavyokula hewa

Barakoa ya AGA, ambayo Interspiro ya Uswidi huiuza kwa jina la Divator, hufunika macho, pua na mdomo kwa pamoja. Kwa anayetafuta mwili kwenye maji ya bandari yaliyojaa mafuta, chagua ile yenye presha ya ndani inayozidi kidogo ya nje. Ikivuja, hewa hutoka, uchafu hauingii.

Hapo hapo ndipo inapokula hewa. Ndevu, au ukingo wa kofia ya suti ukibanwa chini ya mpira, na mapovu hayakatiki. Piga hesabu: mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200 (bar ni kipimo cha presha) una lita 2,400 za hewa. Toa akiba ya bar 50, zinabaki 1,800. Anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji, akiwa mita 20 chini, ambako presha ni mara tatu, anatumia 60. Ana nusu saa. Akihangaika kwenye tope pumzi zikapanda maradufu, ni dakika 15. Na uvujaji bado hatujauhesabu.

Kuivaa, tanguliza kidevu. Kaza mikanda miwili ya chini, kisha ya pembeni, wa juu mwisho tena kidogo tu, ukivuta kuelekea kisogoni. Wengi huanza na wa juu. Barakoa inapanda, kidevuni panaachia.

Kioo hakishiki ukungu kwa sababu hewa mpya hukipitia kabla ya kuingia kwenye kikombe cha pua na mdomo. Kikishika, mate hayasaidii: kagua vijivali (vilango vidogo vya hewa) vya kikombe hicho. Kimoja kikikosekana au kikikunjika, pumzi chafu hurudi kiooni na unaivuta tena. Kichwa kitakuuma kabla hujajua kwa nini.

Kasoro kubwa ni hewa ikikatika. Mwenzako hawezi kukupa regyuleta yake, kile kifaa cha kupumulia mdomoni, mpaka uvue barakoa yote, ukabaki huoni. Kwa hiyo beba miwani ya kawaida na mtungi mdogo wenye regyuleta yake, na ufanye zoezi la kubadilisha bwawani, macho yamefumbwa, hadi mikono izoee.

Mawasiliano ya sauti na mshika kamba ni mazuri, ila kamba ya ishara usiiache juu. Na kwa kina kama cha kivuko cha Likoni, Mombasa, mwaka 2019, gari lililotumbukia kutoka feri lilipokuwa karibu mita 58, AGA na mtungi mgongoni si kifaa chake. Hapo ni helmeti na hewa ya bomba kutoka juu.