Hospice Africa Uganda: upendo unaopimwa kwa saa na mililita

Kanisa likitaka kujua kumpenda jirani kunafananaje chumbani mwa mgonjwa wa saratani, liitazame Hospice Africa Uganda, huduma ya kuwatunza wagonjwa mahututi. Dkt. Anne Merriman aliianzisha mwaka 1993. Makao yako Makindye, Kampala, na kuna matawi Mbarara na Hoima. Muuguzi humfuata mgonjwa nyumbani, huketi kando ya kitanda, hushughulika na maumivu kwanza, ndipo huuliza habari za moyoni na za watoto.

Tegemeo lake kubwa ni mofini ya kunywa, dawa kali ya kutuliza maumivu: unga uliochanganywa na maji na kutiwa rangi. Ya kijani ina miligramu 5 katika mililita 5. Ya waridi ina 50 katika kipimo hicho hicho. Kwa hiyo kuazimana chupa na jirani kwaweza kuua. Tangu 2004, wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya wenye maradhi mazito, wanaruhusiwa kuiandika, ndiyo maana inafika hata pasipo daktari. Mgonjwa hailipii.

Hunywewa kila baada ya saa 4: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni. Ya saa 4 usiku, muuguzi akiagiza, huwa maradufu ili mgonjwa alale hadi alfajiri. Hapa familia nyingi hukosea: husubiri mgonjwa alie ndipo wampe, na maumivu yaliyokwisha kupanda ni magumu kuyashusha. Wengine huficha chupa wakiogopa uraibu, hofu inayowatesa wagonjwa bure. Usingizi na kichefuchefu vya mwanzo hupungua baada ya siku chache. Choo kigumu hakiishi chenyewe, basi dawa ya kulainisha, kama bisakodili, ianze siku ile ile. Mgonjwa asipoamka akiitwa, au akipumua polepole mno, msimpe tena. Mpigieni muuguzi mara moja.

Kidonda kinachonuka hufukuza wageni kuliko ugonjwa wenyewe. Kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kidogo, kisha kinyunyiziwe vidonge vya metronidazoli, dawa ya kuua bakteria, vilivyopondwa hadi kuwa unga laini. Harufu ikipungua, watu husogeza viti karibu tena.

Upungufu ni mmoja, nao ni wetu kuuziba: muuguzi hupima, hufundisha, huondoka. Pasipo mtu wa kushika kipimo, chupa hukaa tu kabatini. Vikundi vya maombi hufika Jumapili watu ishirini, huimba vizuri, na kufikia saa 12 jioni wote wameshapanda boda. Wawili kwa zamu wangefaa zaidi. Mmoja ajaze jerikeni na kufua mashuka. Mwenzake atoe dozi ya jioni na ya saa 4 usiku, aandike daftarini saa na mililita, ili binti anayemuuguza mama yake apate kulala.